Mmechukua Mwalimu wa Hesabu, Mmetuletea Maswali

Shule ya Msingi Tagbakan,
Capiz, Ufilipino.
3 Mei

Bi. Darlene Hofstetter,
Msimamizi wa Shule za Bellrock,
Dakota Kusini, Marekani.

Bi. Msimamizi mheshimiwa,

YAH: KUREJESHWA KWA MWALIMU PERLITA VILLARUZ, AU KULETEWA MWINGINE WA UZITO SAWA

Pokea salamu za walimu saba, wanafunzi mia mbili na kumi na sita, na mbuzi mmoja wa shule. Natumaini theluji yenu imeyeyuka na nyinyi mmebaki.

Naandika kama mkuu wa shule. Mwalimu Perlita ni mke wangu pia, mwaka wa kumi na tisa huu, lakini jambo hilo halihusiani kabisa na barua hii na sitalitaja tena.

Miaka mitatu iliyopita mlimchukua kwa viza ya kubadilishana utamaduni. Viza hiyo inaisha Julai, na nasikia juu ya meza yako ipo fomu ya kumwongezea miaka miwili, inangoja saini yako tu. Naomba usisaini. Nimesoma masharti ya viza hiyo mara nne, kamusi mkononi, na kila ukurasa nakutana na neno kubadilishana. Kwetu kubadilishana ni nipe nikupe. Jirani akikuletea bakuli la mchuzi, bakuli lake halirudi tupu. Sisi tulileta bakuli limejaa hadi ukingoni, na mimi nimekaa mlangoni miaka mitatu nikiangalia barabara. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Heshima yetu mmeichukua yote. Unakumbuka kwamba kila mwaka darasa lake la huko hutakiwa kuzungumza na darasa la nyumbani. Oktoba tuliweka televisheni ukumbini saa moja asubuhi, watoto wenu wakabakizwa shuleni hadi saa kumi na mbili jioni, tukaonana. Wenu walisimama wote kwa pamoja wakaniamkia. Nikaambiwa wanafagia darasa lao kwa zamu kabla ya kwenda nyumbani, bila kushurutishwa. Nikaambiwa pia kwamba bibi wa mtoto mmoja, Kyler, alimpigia Perlita simu kwa wasiwasi, maana mjukuu kila akiingia nyumbani anaushika mkono wa bibi na kuuweka kwenye paji la uso wake, kama watoto wetu wanavyowaamkia wazee. Bibi akauliza, "Mwalimu, huyu mtoto ana homa, au anadhani mimi ndiye ninayo?"

Hayo ndiyo mliyopata. Sasa sikia tulichopata sisi. Katika mazungumzo yale yale, mtoto mmoja wa kwenu alinyoosha mkono akamuuliza mwalimu wake "kwa nini", na mwalimu wake, mke wangu, akamshukuru! Wanafunzi wangu waliona kwa macho yao. Jumatatu iliyofuata, bendera inapanda, Jomarie wa darasa la sita, miaka kumi na moja, akanyoosha mkono mstarini: "Samahani, Mkuu, kwa nini tunajipanga kwa urefu na si kwa umri?" Nimekuwa mkuu wa shule miaka kumi na miwili na sijui. Nikamwambia tutaangalia. Tangu hapo wanapiga kura kila Jumatatu wajipange vipi, na bendera inapanda jua limeshakuwa kali.

2. Mlidhani mmechukua mwalimu wa hesabu. Mmechukua pia kiongozi wa kwaya, muuaji wa nyoka wa vyoo vya shule, mwandishi wa hotuba zote za mwenyekiti wa kijiji, na mtu pekee duniani anayeweza kumfanya mama yake mzazi, Bi. Consorcia, ameze kidonge cha presha. Husemwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Ya Perlita inajaribu. Anapiga simu ya video alfajiri, "Mama, meza. Haya, fungua mdomo, niuone ulimi." Mama mkwe anafungua mdomo mbele ya simu hadi koo linaonekana. Simu ikikatwa, anakitoa kidonge shavuni na kukifukia kwenye chungu cha maua. Ua limenawiri ajabu. Presha ya ua haina tatizo lolote.

3. Sanduku. Kila Krismasi linakuja sanduku la kubebwa na wanaume wawili: sabuni, nyama ya kopo, chokoleti, viatu vya mabinamu ambao wengine sikujua kama wapo. Mtu wenu mmoja aliwahi kusema hayo ndiyo mabadilishano yenyewe. Sikubali. Sanduku ni desturi yetu, anayelijaza ni mtu wetu, na vilivyomo vimetengenezwa China. Marekani imechangia boksi. Isitoshe, suruali alizonitumia zinanipwaya zote. Ananikadiria kwa mwili niliokuwa nao nilipokuwa napikiwa.

4. Lalamiko hili limefutwa. Lilihusu picha ya sherehe ya Krismasi, ambamo mwalimu wenu wa michezo amesimama karibu na Perlita kuliko kazi ilivyohitaji. Nimeelezwa kwamba ana miaka sitini na nane na alikuwa ameshikilia ngazi.

5. Kwa wadhifa wangu wa mkuu wa shule, nalalamika kwamba nyumba ya mkuu wa shule iko kimya. Alikuwa akisahihisha madaftari huku anaimba, na mtoto akikosea sana anaimba kwa sauti zaidi, mimi nikiwa jikoni najua kabisa nani amefeli. Sasa nasahihisha peke yangu na redio. Namkumbuka sana, Bi. Hofstetter. Hili si la kiofisi, lakini nimeshalichapa na wino wa mashine yetu hautoshi kurudia ukurasa.

Mimi si mtu wa kulalamika bila kupendekeza. Pendekezo la kwanza ni kwamba umrudishe Julai, salama, pamoja na sauti yake.

Likishindikana hilo, tuletee Mmarekani wa uzito sawa. Awe anajua sehemu na desimali, aimbe sauti ya pili, na aweze kula samaki mkavu wa kukaanga asubuhi bila kukimbilia dirishani. Mmoja asipotosha, leta wawili, tutawajumlisha.

Nimeulizia. Wenzenu waliojitokeza hadi sasa wako tayari kuja wiki ya sikukuu ya mtakatifu wa mji wetu tu, wakae pwani siku tano. Kwa hiyo limebaki pendekezo la tatu, nalo ni la haki kuliko yote: aliyechukua ndiye alipe. Njoo wewe. Miaka mitatu, kama ilivyoandikwa. Chumba kipo, kinatazama shamba la mpunga. Nilipomweleza mama mkwe, hakusita hata kidogo: "Aje huyo mama, nimnenepeshe. Na vidonge vyangu atavimeza yeye." Wanafunzi wamekwisha kumpa nguruwe wa karamu jina lako, kwa heshima kubwa, na kila siku wanauliza kwa nini hujafika. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyinyi mmeshapona, tena mnafagia. Sasa ni zamu yetu kupona.

Nisalimie mpishi wa shule yenu, ambaye nasikia sasa anapika wali kila Jumatano na hajajuta. Nisalimie dereva wa basi la njano, bibi yake Kyler na mkono wake, na mwalimu wa michezo, ambaye sina kinyongo naye. Mwalimu wa hesabu msalimie pia, kiofisi.

Nakutakia afya njema na uamuzi wa haraka.

Wako katika ujenzi wa elimu,

Eustaquio Villaruz
Mkuu wa Shule

Nakala: Baraza la Wazazi, ubao wa matangazo.

Tanbihi (hii haimo kwenye nakala ya ubaoni): Tafadhali saini ile fomu kwanza, leo hii, kisha ndipo uisome barua. Baraza la Wazazi lilitaka kuona mkuu anampigania mwalimu wao, na nimempigania. Ukweli ni kwamba Bi. Salvacion, aliyekuwa amestaafu, alirudi Januari kufundisha hesabu, na darasa la sita limefaulu kuliko mwaka wowote wa Perlita. Hilo tulijue mimi, wewe na Mungu.

Mwaka jana Perlita alinitengenezea karatasi zote za mume kumfuata mkewe. Nikazifungia kabatini kwa kiburi. Nikamwambia mkuu wa shule mzima hawezi kwenda ugenini kukaa nyumbani anakunja nguo. Akabadilisha mazungumzo, na tangu hapo hajaligusa tena. Februari nilizitoa mwenyewe. Likizo yangu bila malipo imeshaidhinishwa, mama mkwe anahamia kwa binti yake mdogo, ambaye ni muuguzi na hana maua, na viza yangu iko tayari. Lakini bila saini yako haina kazi, maana yeye asipobaki huko sina wa kumfuata.

Natua huko kwenu, uwanja wa ndege wa Sioux Falls, tarehe 11 Agosti, saa nane mchana. Anadhani wiki hiyo niko semina Manila. Naomba siku hiyo usimpangie kikao.