Benchi Nyuma ya Forodha

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwisha.

Mhariri ametangaza mbele ya chumba kizima cha habari kwamba Jumamosi nitawaongoza wasomaji kumi kwenda mji wa bandari. Washindi wa kuponi. Wameshaandikiwa barua. Akanipiga begani, akasema, binti, wewe ndiye macho ya mkoa huu. Nikacheka. Kicheko kilitoka kama mlango usiotiwa mafuta.

Niyaweke wazi mambo humu, maana daftari hili halisomwi na mtu. Naandika safu ya kila wiki, "Tuzunguke Kwetu". Mwezi wa sita huu. Nimeandika miji minne, mabonde mawili, na vijiji ambavyo idadi yake siikumbuki. Sijafika hata kimoja. Gari hunitapisha. Nina shahada ya jiografia kutoka chuo kilicho hatua mia nne kutoka nyumbani. Nina ramani ya shule iliyochanika upande wa kusini. Nina ratiba ya mabasi. Na nina Shangazi.

Mji wa bandari ni wa Shangazi. Alikwenda fungate huko na marehemu mumewe, miaka thelathini na moja iliyopita. Amenisimulia tangu nikiwa mdogo. Benchi la mawe nyuma ya forodha, walipokaa kila jioni. Mchanga mweupe, laini kama unga, unaoingia masikioni na kwenye nyusi. Bahari inayonguruma kutwa nzima, ila Jumapili hupumzika. Niliyaandika yote neno kwa neno. Barua za wasomaji zilijaa kikapu.

Jumatatu ijayo muda wangu wa majaribio unakwisha. Barua ya ajira ya kudumu, au mlango. Kwa hiyo hesabu ni rahisi: benchi lisipoonekana, na mimi sitaonekana tena.

Tanzia alitabasamu kwenye meza yake. Huyu ni mwenzangu wa ukurasa wa matangazo ya vifo. Jina lake halisi limeshasahaulika. Huzunguka mkoa mzima kwa ajili ya mazishi. Akaniambia, dada msafiri, kule upepo ni mkali, usisahau mtandio. Ananitega. Anaitaka safu yangu. Namjua.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: sauti.

Nilifika kazini nimejifunga shingo kwa skafu, na karatasi mkononi: SAUTI IMEPOTEA. Mhariri akasikitika sana. Kisha akasema wala si neno, Jumamosi mimi nitaonyesha kwa kidole na Tanzia ataeleza kwa mdomo.

Tanzia!

Sauti ilirudi kabla ya chai ya saa nne. Kwa bahati mbaya ilirudi kubwa mno. Watu waligeuka. Dada wa mapokezi akauliza nimetumia dawa gani, mama mkwe wake ana shida hiyo hiyo, ingawa akiwaza zaidi, heri abaki hivyo hivyo. Nikasema tangawizi. Uongo mmoja haulali peke yake. Huita ndugu zake.

Jioni nimetafuna kucha mpaka kidole gumba. Kesho nitakwenda mwenyewe, kwa siri, nikauone huo mji. Nimeomba ruhusa ya kung'oa jino.

Jumatano, 5 Machi

Basi la saa moja asubuhi. Nilimeza vidonge viwili vya kuzuia kichefuchefu. Karatasi ya dawa ilisema kimoja, lakini karatasi hainijui. Nikakaa dirishani na tiketi ya kwenda na kurudi. Nikamwambia kondakta mimi mgonjwa, tafadhali asiniguse wala asiniamshe kwa lolote lile. Akajibu, haya dada, lala salama.

Nikalala salama.

Nilipofumbua macho basi limesimama. Kituo! Nikashuka mbio, daftari mkononi, kalamu tayari. Niliandika hivi: "Kituo kina ubao wa kijani, unafanana na wa kwetu. Muuza magazeti naye anafanana na wa kwetu." Muuza magazeti akanisalimu, akauliza Mama anaendeleaje na goti.

Saa kumi jioni. Nilikuwa nimekwenda na nimerudi. Kondakta anasema tulikaa bandarini saa mbili nzima. Dereva alikula, gari likaoshwa, mimi nakoroma. Hakuniamsha kwa kuwa niliomba. Muungwana kabisa. Nilitamani kumng'ata.

Nyumbani Mama alitazama shavu langu na kuuliza mbona halijavimba. Nikasema daktari ni hodari.

Ila nikitafakari kwa utulivu: nimefika. Kama ni kufika, nimefika. Tiketi ninayo.

Alhamisi, 6 Machi

Leo ndipo nimeiona orodha ya washindi. Wa tatu ni mwalimu mstaafu, yule mama anayeturudishia gazeti kila wiki likiwa limesahihishwa kwa wino mwekundu. Moyo ulinidunda mpaka kwenye meno.

Wa saba ni Shangazi.

Shangazi! Kumbe alituma kuponi kumi na nne ili tu kunitia moyo. Nililia kwa furaha chooni. Mungu si Athumani. Nina shahidi, nina kiongozi, nina mwenye benchi lake! Nitamtanguliza, yeye aonyeshe, mimi nifuate nyuma nikitikisa kichwa kama mtu aliyezoea.

Nilikimbilia kwake moja kwa moja kutoka kazini. Hakufurahi nilivyotarajia. Alikuwa anachambua mchele, na akauchambua tena ule ule uliokwisha chambuliwa. Akasema mguu unamsumbua. Nikasema tutakwenda kwa gari. Akasema gari ndilo linalousumbua. Nikamwomba basi anichoree mahali benchi lilipo. Akashika kalamu, akachora mstari, akaufuta, akafoka: benchi ni benchi, mwanangu, miguu minne na watu wawili, unataka nini zaidi?

Nikasema benchi la mawe halina miguu minne. Akaenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa.

Nimemwelewa. Ni kumbukumbu za marehemu. Zimemlemea. Nilimshika mikono, nikamwambia bila yeye kazi sina. Akasema haya, nitakuja, lakini lolote litakalotokea usiniite muongo mbele za watu. Maneno ya ajabu! Uzee huu.

Ijumaa, 7 Machi

Tanzia alinifuata kwenye birika la chai. Alisema kwa sauti ya chini, ile sauti yake ya msibani, kwamba alikuwa bandarini mwaka jana kumzika mkuu wa bandari wa zamani, na kwamba forodha ilishahamishwa. Kama nataka, anaweza kunielekeza kidogo. Hakuna atakayejua.

Mtego ulioje! Nikamjibu kwamba mji ule naujua nje ndani, na kwamba nilikuwa huko juzi tu. (Kweli. Tiketi.) Akasema samahani dada, akaondoka na kikombe changu.

Sijala. Nimeandika orodha ya mambo yanayoweza kuharibika kesho. Nilipofika la ishirini na sita nikaona ni afadhali nipige pasi. Nimeunguza blauzi. La ishirini na saba.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike upesi kabla sijapata toleo lililo zuri zaidi.

Nilitapika mara mbili njiani, mara ya pili ndani ya faili la safu zangu. Wasomaji walinionea huruma. Mwalimu mstaafu alinipa limau ninuse, akauliza ninafanyaje wiki zote nyingine. Nikasema huwa natembea kwa miguu.

Tukafika. Mhariri, wasomaji kumi, mimi, na Tanzia, aliyekuja "kusaidia kubeba maji". Mwalimu alifungua gazeti na kusoma kwa sauti ya darasani: geuka kushoto penye duka la mikate, harufu itakuongoza. Tukageuka kushoto. Duka la matairi. Harufu ilikuwepo, siwezi kukataa. Nikasema mwokaji amebadili biashara. Mwenye duka akasema yeye yupo hapo miaka arobaini, alirithi kwa baba yake, na baba yake alikuwa anauza matairi.

Nikatembea mbele kwa kujiamini. Nikawaingiza watu kumi na wawili kwenye yadi ya kiwanda cha barafu. Mlinzi akatuuliza tumeitwa na nani.

Mhariri alianza kunitazama. Si kwa hasira. Vibaya zaidi: kama anasoma sentensi isiyo na kitenzi. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye viatu. Nikageuka, nikasema kwa sauti kubwa: Shangazi, tuongoze wewe, mji huu ni wako!

Shangazi hakuwepo nyuma yetu.

Alikuwa amesimama peke yake mwisho wa barabara, mahali lami inapoishia kwenye mchanga wa kahawia, wenye chembe kubwa, usiofanana na unga hata kidogo. Viatu ameshika mkononi. Nilipomfikia hakunigeukia. Aliuliza taratibu: hivi huwa inakwenda namna hii siku zote? Inakuja na kurudi tu?

Nikasema ni bahari, Shangazi.

Akasema, haingurumi kama mashine.

Hapo ndipo nilipoelewa. Akanieleza yaliyobaki.

Hawakuwahi kuja. Mumewe alikuwa fundi wa mashine ya kusaga unga. Walishaaga ukoo mzima, zawadi wameshapokea, na asubuhi ya safari tajiri akamnyima likizo. Aibu ya kurudi nyumbani! Wakajificha siku saba katika chumba kilicho nyuma ya mashine. Mchana yeye akisaga, bibi harusi amejifungia ndani. Jioni walikaa nje juu ya ubao uliowekwa kwenye madebe mawili. Lile rundo la magunia, mumewe alimwambia, ndiyo forodha. Na ule mngurumo ndiyo bahari, mke wangu, sikiliza. Jumapili mashine haikuwashwa.

Akasema: sikukudanganya, mwanangu. Nilikusimulia nilivyosimuliwa.

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na haki. Lakini alikuwa ameweka kidole kimoja cha mguu kwenye maji, na alikuwa anacheka kimya kimya, mwanamke wa miaka hamsini na tano.

Nyuma yetu nikasikia sauti ya msibani. "Wapendwa," Tanzia alikuwa anasema, "tusogee pamoja, polepole." Na watu wakasogea, kama wasogeavyo watu kaburini. Akawapitisha mji mzima. Hapa aliishi mpiga mbizi aliyekufa kitandani. Hapa ndugu wawili waligombania ukuta mpaka wakazikwa upande huu na ule wa ukuta huo huo. Mwalimu aliandika hadi wino mwekundu ukaisha. Akatufikisha nyuma ya forodha ya zamani, kwenye uwanja wa mjane wa yule mkuu wa bandari, ambaye alimkumbatia kama mwana.

Palikuwa na benchi.

Mjane akaeleza kwa ukali kwamba tangu gazeti fulani liandike upuuzi, wageni wanachungulia ukuta wake kutwa wakiulizia benchi. Amechoka. Ameagiza fundi atengeneze moja, watu wakae, watazame, waondoke. Akauliza ni nani mjinga aliyeandika. Watu wote walinitazama kwa fahari.

Shangazi alikaa kwenye benchi hilo mpaka tulipoitwa garini. Upande mmoja. Upande wa pili aliuacha wazi, na hakuna aliyethubutu kuukalia.

Jumapili, 9 Machi

Sijasikia bahari wala mashine. Nimesikia dhamiri tu.

Nimeandika barua ya kukiri kwa Mhariri. Rasimu tatu. Ya kwanza ilikuwa na utangulizi, sura na hitimisho. Ya tatu ina mstari mmoja: sijawahi kufika popote. Kesho saa mbili nitaiweka mezani kwake. Nimeapa. Kuanzia sasa nitakwenda kwa macho yangu na miguu yangu, hata nikitapika mkoa mzima.

Najihisi mwepesi. Pengine ni njaa.

Jumatatu, 10 Machi

Mhariri alinitangulia. Kabla sijafungua mkoba akanipa bahasha. Ajira ya kudumu! Mwalimu mstaafu ameandika kurasa nne: safari bora maishani mwake, na sahihisho moja tu, kwamba benchi ni la mbao, si la mawe. Nilimtazama Tanzia, akaangalia tangazo lake la kifo.

Barua yangu bado imo mkobani. Haikupata nafasi. Huwezi kumkatisha mtu anayekupongeza, ni utovu wa adabu.

Safu ya wiki hii ni mji wa milimani. Tanzia ana mazishi huko Alhamisi, akasema ana nafasi kwenye gari, nikae mbele, na mifuko ya kutapikia anayo. Nikamshukuru. Nikasema nitaona. Kona za mlima ni sitini na mbili. Nimezihesabu kwenye ramani. Isitoshe, sijui bado anataka nini.

Na kwa kweli hakuna haja. Jioni nilipitia kwa Shangazi. Alikuwa na mchanga kwenye sahani, ameuweka dirishani. Nilipotaja milima uso wake ukang'aa. Kumbe waliishi kule msimu mzima, mwaka wao wa pili! Safari hii sikufanya uzembe. Nilimuuliza mara mbili. Ameapa.

Nimejaza kurasa sita. Ukungu wa kule ni wa ajabu, mweupe, mkavu, huanza kutanda asubuhi na kutulia kwenye kope na nyusi za watu. Mambo ya namna hii mtu hawezi kuyabuni. Jumapili, anasema, hautandi kabisa.