Makunyanzi ya Papa Kalaba na Wingu la Carina

Alhamisi, 22 Mei 2025

Léa amepita studio saa nne. Habari njema na habari mbaya. Njema: baba yake, Papa Kalaba, amekubali niende Jumapili saa tisa mchana kujitambulisha na kuleta barua ya posa. Mbaya: bado hajasahau ile picha.

Niandike mara moja, nisirudie. Mwaka jana Papa Kalaba, fundi mstaafu wa reli, alikuja kwangu kupigwa picha ya kadi ya pensheni. Nilitaka kumfurahisha baba wa Léa. Nikamfuta makunyanzi. Yote! Nikamng'arisha na mashavu. Ofisini wakaikataa picha, wakamwambia huyu pichani ni mtoto wako, nenda ukalete picha ya baba. Alipanga foleni mara mbili kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Tangu siku hiyo jina langu nyumbani kwao ni "ule wa kupaka".

Léa anasema niende na barua na mdomo wangu, basi, nisibuni kitu chochote. Masikini Léa. Anadhani mambo makubwa hufanyika hivihivi. Mkono mtupu siendi. Nitampelekea mzee nebula.

Ijumaa, 23 Mei

Nebula ya Carina! Wingu la gesi lililo mbali kupita akili. Nimelipiga picha wiki nzima kwa darubini yangu, kule Annexe, pembezoni mwa mji, kwenye shamba la mama, ambako taa ni chache. Majirani wanasema ninatafuta kobalti angani.

Uzuri wake ni huu. Kamera niliyopewa na binamu yangu Plamedie haijui rangi. Unaweka vichujio vitatu, kimoja kimoja, nayo inakupa picha tatu za kijivu: ya haidrojeni, ya salfa, ya oksijeni. Rangi unachagua mwenyewe. Mwenyewe! Na hakuna ofisi ya kukataa.

Ukifuata ukweli, haidrojeni ni nyekundu, na wingu karibu lote linatoka jekundu. Nimejaribu. Jekundu tu. Nani amewahi kupewa mke kwa wekundu? Nimeiacha kwenye simu. Lakini wataalamu wana mtindo mwingine: salfa na haidrojeni zinakuwa dhahabu, oksijeni inakuwa buluu. Nikabonyeza. Nikaruka kitini. Manjano na buluu, rangi za Lupopo, timu ya mpira ya watu wa reli! Na Papa Kalaba ni mtu wa reli, Lupopo tangu tumboni.

Ikabidi niende kwa Guelord, jirani na mshindani wangu, kwa sababu yeye ndiye mwenye mashine ya kuchapa picha kubwa. Akaitazama, akasema hii ni skafu ya mpira. Akaona ile nyekundu kwenye simu, akauliza kwa nini nisichape hiyo. Wivu.

Jumamosi, 24 Mei

Msiba! Léa, akizungumza mambo mengine kabisa, ameniambia kwamba mama yake, Mama Victorine, ni shabiki wa Mazembe, mahasimu wa Lupopo. Si Mazembe wa mdomoni. Siku ya mechi yeye na mzee hawakai chumba kimoja. Na barua, anasema Léa, Mama ndiye anayeisoma kwanza. Papa anatangaza tu.

Nimekaa studio nimeshika kichwa. Wateja wawili wa picha za pasipoti nimewarudisha. Ninampenda Léa. Nikimkosa kwa sababu ya rangi mbili za jezi, nitazeeka vibaya.

Saa saba nimepata dawa. Mazembe ni nyeusi na nyeupe. Picha za kamera yangu zinatoka hivyo tayari! Kwa hiyo: fremu moja, nyuso mbili. Mbele Lupopo, nyuma Mazembe. Nitaitundika kwa kamba kwenye mlango kati ya sebule na jiko. Kutoka kiti cha Papa, manjano na buluu. Kutoka jikoni kwa Mama, nyeusi na nyeupe. Nikiulizwa, ndivyo picha za angani zinavyotundikwa siku hizi.

Guelord alichapa upande wa pili, akacheka hadi akakaa chini. Kisha akasema tena: chapa ile nyekundu, Aimé. Mtu aliyekosa mapenzi huwachukia wenye bahati. (Ana mke na watoto wanne, lakini namaanisha.)

Jumapili, 25 Mei

Naandika suti bado sijaivua.

Nilifika saa tisa kasoro dakika tano, suti, barua, fremu. Nikatundika. Papa Kalaba akaangalia kutoka kitini. Akatabasamu! Mama Victorine akaangalia kutoka jikoni. Akatabasamu! Dakika nne nilikuwa mkwe.

Ndipo Léa akafungua mlango wa nyuma kutoa moshi. Upepo wa kiangazi ukaingia. Fremu ikazunguka. Papa akaletewa Mazembe, Mama akaletewa Lupopo. Ikazunguka tena. Na tena! Niliinuka kuishika, nikajikwaa kwenye zulia, nikaishika kamba tu.

Mama akatoka na mwiko mkononi. Akaniuliza:

"Aimé, weye unatafuta Léa ao unatafuta championnat ya mpira?"

Papa hakucheka. Aliiteremsha fremu, akaigeuza mara mbili, akaniambia polepole:

"Mara ya kwanza, balisema ule muntu wa ku photo iko mutoto wangu. Leo unaniletea mbingu ya sura mbili. Ya kweli njo gani?"

Léa alikuwa anatazama sakafu. Hicho ndicho kilichoniumiza. Uongo mwingine sikuwa nao tayari. Nikatoa simu, nikamwonyesha ile nyekundu. Nikamwambia hii ndiyo rangi ya gesi yenyewe, ni macho yetu tu yaliyo dhaifu. Nikamwambia niliificha kwa sababu niliiona haina maringo.

Papa akavaa miwani. Akaisogeza simu karibu na macho. Kisha akamwita Mama aje aone. Akasimulia kwamba alipokuwa mdogo, kiwanda kilikuwa kikimwaga mabaki ya shaba ya moto juu ya terril, kile kilima cha taka za kiwanda, wakati wa magharibi, na mbingu juu ya nyumba yao ikawa nyekundu hivi, hivi kabisa. Baba yake alikuwa kwenye zamu ile. Watoto wa mtaa walikuwa wanasema baba zao wanapika mbingu. Tangu zamani zile hakuiona tena rangi ile. Mama Victorine akajifuta jicho kwa kitenge, na mimi langu likaniuma vilevile.

Hukumu: jibu la barua Jumatano. Kabla ya hapo, Jumanne, nilete vitu viwili. Picha ile nyekundu, imechapwa. Na picha mpya ya kadi ya pensheni, maana kadi hubadilishwa kila mwaka; atakuja kupigwa kesho asubuhi. Akaninyooshea kidole:

"Vile biko. Usiguse kintu hata kimoya. Nitaona kama unaweza kuacha kintu vile kiko. Mutoto wangu siye kintu cha kupaka."

Nilipewa bukari, ugali wa kwetu, mara mbili. Mlangoni Léa alinibana kidole. Nimejifunza! Ukweli, ukweli mtupu, kuanzia leo.

Jumatatu, 26 Mei

Papa amekuja saa mbili, akakaa wima kama anasubiri treni. Nimempiga picha. Amekwenda.

Nimeanza na nebula. Nyekundu, vile iko. Lakini nimeitazama tena, naona imepoa. Mzee anakumbuka moto! Nimeongeza wekundu kidogo. Huko si kugusa, ni kumsaidia kukumbuka. Nyota moja ilikuwa imekaa vibaya katikati, nimeisogeza.

Halafu picha ya kadi. Naapa, sijafuta kunyanzi hata moja! Léa ataringa nami. Ila nimeyahesabu: jicho la kushoto saba, la kulia matano. Mtu yeyote anayejua historia yangu atasema mawili nimeyafuta. Hapana! Nimeyaongeza mawili kulia, ya kina kabisa, yawe sawa. Na matatu kwenye paji la uso, kwa usalama.

Safari hii hakuna ofisi itakayosema ni mtoto wake.