Mkokoteni wa Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimeingia mjengoni kama bwana harusi. Nyuma yangu: mkokoteni wa shemeji! Chuma kitupu, magurudumu manne manene. Yeye huutumia kubebea miche ya bustani yake. Kanionya nisijaze kupita kingo. Nikaitikia vizuri sana, kuitikia hakuchoshi. Msimamizi ametangaza kwamba Alhamisi tunamwaga zege, na kabla ya siku hiyo, atakayepandisha mzigo vizuri kwenye mlima wa kutoka getini ndiye mkuu wa wabebaji. Mpinzani mmoja tu: Kifua, anayebeba mfuko wa saruji begani huku akipiga mluzi. Maskini. Enzi zake zimekwisha.

Jumanne, 5 Machi
Mkokoteni haupiti getini! Umezidi geti kwa upana wa kiganja. Nikashusha mifuko yote, nikaulaza ubavu, nikauvuta kama mbuzi aliyegoma, nikapakia upya. Kifua kila akipita ananiuliza kwa upole kama nahitaji msaada. Upole huo unaudhi kuliko matusi. Mchana nikapata akili: nimeng'oa nguzo moja ya geti. Mlinzi kauliza imekwenda wapi. Nikamwambia matengenezo. Kanishukuru!

Jumatano, 6 Machi
Ushindi! Kwa muda. Nilipakia saruji, kokoto, nondo, na juu kabisa sufuria la chakula cha mchana, maana mpishi aliomba nimsaidie kulipandisha. Katikati ya mlima nikaachia mpini kidogo tu, nijifute jasho, Kifua aone nilivyotulia. Mkokoteni ukageuza nia. Nikaukimbiza. Mlinzi akaruka pembeni, nao ukapita getini kama mgeni wa heshima, ukajipigiza kwenye lundo la mchanga. Hakuna aliyeumia. Ila chakula chote chini, na mafundi wenye njaa si watu wa kutaniwa. Mpishi kasema, "Baba, wewe na chombo chako hamnijui, nami siwajui."

Alhamisi, 7 Machi
Kifua ndiye mkuu. Nilinuna mpaka saa ya chai. Amri yake ya kwanza: mimi nivute, yeye asukume, mzigo usipite kingo. Tukapanda, tukashuka, bila kumwaga hata kokoto moja. Zege likaisha kabla ya mvua. Msimamizi katabasamu, sikujua kama ana meno. Kifua kanigawia nusu ya mkate wake. Nikiri tu: leo ilikuwa siku tamu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimetafakari kwa makini. Kosa halikuwa wingi wa mzigo. Kosa lilikuwa uchache wa mikokoteni! Jirani yangu mchomeleaji anao mwingine umekaa bure. Nikiufunga kwa mnyororo nyuma ya huu, nikajaza yote miwili mpaka juu, nitamaliza kazi ya wiki asubuhi moja. Jirani kauliza kuhusu breki. Nikamwambia breki ni za watu wenye wasiwasi. Mama watoto kacheka mpaka akakaa chini. Furaha hiyo! Naye ameuona ukubwa wa wazo langu. Kesho alfajiri tunachomelea mnyororo.