Bihogo Amekupenda Pia

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kompyuta mpya imefika ofisini! Moja tu. Watengeneza tovuti tuko wawili: mimi na Umulisa. Bosi wetu, Madam Kabagwira, ametangaza mbele ya wote (yaani mimi, Umulisa, na fundi wa gereji ya chini aliyepanda kuchaji simu) kwamba atakayemridhisha mteja wake zaidi wiki hii atakuwa Mkuu wa Ufundi. Mkuu! Tayari naiona kadi: Eddie, Mkuu wa Ufundi.

Umulisa kapewa kliniki ya meno. Mimi nimepewa ng'ombe. Kuna mama mmoja huko Batsinda, Mama Mukagasana, anafuga mitamba na kuwauzia watu wanaopeleka mahari. Nimeomba tubadilishane. Umulisa kakataa. Madam kasema ng'ombe ni heshima, niache kudeka.

Kompyuta lakini nimeipata mimi. Nimesema daktari wa macho kaniagiza kioo kipana. Umulisa kauliza daktari gani. Nikasema Habimana. Kauliza Habimana yupi. Nikasema yule wa macho. Ushindi.

Jumanne, 4 Machi

Kibodi ya kompyuta mpya imepangwa Kifaransa. Herufi zimehama makwao. Nimemwandikia Madam "kazi nzuri", ikaenda "kqwi nwuri". Kauliza kama nimekunywa. Umulisa kasema hilo linarekebishwa kwa dakika moja. Nimemwambia ninaipenda hivi hivi. Natafuta herufi A tangu asubuhi.

Si kitu. Nimepata programu mpya, inaitwa Fundi Chapu. Unaipa picha na maneno, inajenga tovuti nzima kabla chai haijapoa. Umulisa bado anaandika mstari kwa mstari, kama anayefuma sweta.

Fundi Chapu iliuliza ni biashara ya aina gani. Orodha: mgahawa, saluni, hoteli, kutafuta wachumba. Ng'ombe hakuna. Mgahawa nimeukataa, huko ng'ombe anafika akiwa ameshakuwa nyama. Nikawaza. Mtu anayetafuta ng'ombe anataka kujua nini? Sura, umri, tabia, anaishi wapi. Wachumba! Nimebofya. Akili kama hizi hazifundishwi shuleni.

Jumatano, 5 Machi

Batsinda, kupiga picha. Mama Mukagasana ni mrefu, mtulivu, viatu vya mpira, fimbo mkononi. Salamu hazijaisha, nimeshapewa kikombe kikubwa cha maziwa. Anamjua kila ng'ombe kwa jina. Malkia ni Bihogo, mwekundu wa udongo, pembe nzuri ajabu. Mama yake alikufa siku alipomzaa. Mama Mukagasana akamlea kwa chupa, kwenye kibaraza chake, miezi mitatu. Kasema Bihogo haendi kwa mtu yeyote tu.

Jumamosi anakuja mzee Munyaneza, ambaye mwanawe anaoa. Mzee anataka kwanza awaone ng'ombe kwenye simu. Mama kaomba vitu vitatu tu: picha, majina, namba ya simu. Nikamwambia atapata zaidi ya hapo. Kanitazama kama ananipima kilo.

Ng'ombe aitwaye Gaju amekula daftari langu. Umri na tabia zao itabidi nitunge.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi Chapu ilitaka mfano mmoja kamili kabla ya kuanza. Nikaweka wangu, pamoja na picha na namba ya simu: Eddie, miaka thelathini na mmoja, Gikondo, mpole, afya njema, anakula chochote. Nitaufuta baadaye. Kisha ng'ombe kumi na mmoja. Imependeza! Mioyo myekundu kila mahali.

Umulisa kaomba aipitie kabla haijaenda hewani. Wivu. Nimeifunga kwa neno la siri refu ambalo hakuna binadamu anayeweza kulibahatisha, kisha nikabofya CHAPISHA.

Alasiri nikaukumbuka ule mfano. Nikajaribu kuingia niufute. Neno la siri limekataa. Sababu: mara natazama herufi, mara sitazami, vidole vyangu vinaandika Kiswahili na kibodi inaandika inachotaka. Sijui nilichoandika. Nimejaribu mara kumi. Imenifungia mpaka Jumatatu.

Haidhuru. Nani ataniona katikati ya ng'ombe?

Ijumaa, 7 Machi

Watu kumi na wanne wameniona. Simu imelia tangu asubuhi. Mmoja, mfanyabiashara wa Nyabugogo, kauliza nina uzito gani na kama nimechanjwa. Nikasema nimechanjwa, maana ni kweli. Kasema ataleta gari.

Saa nne mlango ukafunguliwa bila hodi. Mama mmoja wa kitenge, simu mbele yake kama hati ya polisi. Huyo ni Mama Nyiraneza, mke wa mzee Munyaneza. Jina la ofisi yetu kalikuta chini ya tovuti. Nyuma yake mzee mwenyewe, kofia mkononi, jasho usoni. Nyuma yao Mama Mukagasana na fimbo yake, walimpitia njiani.

Kisa ni hiki. Jana mzee alifungua tovuti, akampenda Bihogo, akabofya moyo. Leo anakunywa uji, simu iko mezani, ujumbe ukaingia. Mkewe akausoma kwanza: "Bihogo amekupenda pia! Yuko Batsinda, anakusubiri. Usimwache mpweke."

"Miaka thelathini na minne ya ndoa," alisema Mama Nyiraneza. "Nataka nimwone huyo Bihogo. Leo. Kwa macho yangu."

"Mama watoto, ni ng'ombe," mzee alisema.

"Na bado unamtukana mtoto wa watu!"

Akatangaza kwamba hakuna mahari itakayotoka nyumbani kwake mpaka jambo hili liishe. Mzee akaniangalia kwa macho ya kuomba msaada. Nikaanza kueleza teknolojia. Nilieleza vizuri sana. Hali ikawa mbaya zaidi.

Mama Mukagasana aliisoma ile simu, akaisoma tena, akanigeukia.

"Wewe mutoto," alisema polepole. "Ng'ombe yangu haiko inatafuta bwana."

Umulisa ndiye aliyevuta kiti. Akamkalisha Mama Nyiraneza, akaomba simu kwa mikono miwili, akagusa jina. Picha ikatokea. Bihogo, na pembe zake zote. Chini yake maneno yangu: "Anapenda matembezi na mazungumzo marefu."

Mama Nyiraneza aliangalia. Akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu.

"Kweli ni mzuri," alisema kwa sauti ndogo.

Kisha akatelezesha kidole, akanikuta mimi. Akaniangalia pichani, akaniangalia kitini.

"Na huyu anatoa lita ngapi?"

Ofisi ikapasuka kwa kicheko. Mzee Munyaneza alicheka mpaka akakaa sakafuni. Madam alitoka nje kujifanya anapokea simu. Mimi nilicheka kidogo, kwa adabu.

Mama Mukagasana hakucheka. Kasema yeye alinipa jina la ng'ombe aliyemlea kwa mkono, na mimi nimelipeleka mjini likachekwe. Kwa dakika nzima, labda mbili, nilijisikia vibaya kabisa.

Umulisa aliwaandikia wenye Fundi Chapu, tovuti ikaondolewa. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshaandika nyingine. Picha, majina, namba ya simu. Basi.

Jumamosi, 8 Machi

Madam kanipigia. Wazee wamefika Batsinda salama, wote wawili. Mama Nyiraneza mwenyewe kasema harusi bila Bihogo hakuna. Mama Mukagasana kawauliza maswali saa mbili nzima: zizi liko wapi, nani atamnywesha maji, nani ataamka akiugua. Mwishowe kakubali, kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia. Umulisa kaalikwa kunywa maziwa wakati wowote. Jina langu halikutajwa.

Pia, Umulisa ndiye Mkuu wa Ufundi.

Jumatatu, 10 Machi

Kompyuta mpya imehamia meza ya Mkuu. Nimempongeza. Nilijaribu kutotazama.

Madam kaniagiza nimwombe Mama Mukagasana msamaha. Mimi mwenyewe, kwa maneno yangu, bila haraka. Umulisa kasema kwa upole kwamba mama si mtu wa hasira, nikienda nikakaa naye kidogo ataelewa. Yuko sahihi. Nimewaahidi wote wawili. Mtu hukua.

Mchana nimegundua programu moja, ya ajabu! Inapiga simu yenyewe, kwa sauti yako, na kuomba msamaha kwa lugha arobaini. Nimeirekodia sauti yangu dakika tatu. Nimechagua "majuto makubwa, pamoja na kilio". Kinyarwanda haina, lakini Kireno kipo, na kilio ni kilio. Nimeiwekea namba ya Mama Mukagasana. Halafu, kwa kuwa nina watu wengi wa kuwaomba msamaha, nimeiwekea na namba nyingine zote zilizomo kwenye simu yangu.

Itaanza kupiga saa tisa kamili. Mimi nakwenda kunywa chai.