Bi Swichi na Mstari Usiolala

Sogeeni, enyi mliokaa na mliosimama, enyi wenye simu zilizojaa chaji na enyi ambao zenu zinapumulia mashine. Zipo habari za wafalme waliovuka majangwa wakateka miji, na hizo zina wasimulizi wake wenye sauti nene. Hii ni habari ya mwanamke aliyepanda ngazi ya mbao Jumamosi moja kabla ya adhuhuri, akachomoa plagi. Tukio kubwa kama hilo halijapata wa kulisimulia mpaka leo. Basi na tulisimulie sisi, taratibu, bila kuongeza chumvi kupita kiasi cha mboga.

Kazi yake ilikuwa msimamizi wa jengo. Jina lake la vita, alilovikwa na wapangaji, lilikuwa Bi Swichi, Mzimaji wa Taa za Wasiokuwepo, Hofu ya Feni Zinazopepea na Mtu Hayupo. Mkono wake wa kulia ulikuwa na akili zake wenyewe. Ukipita penye swichi, ulizima, haukungoja amri ya kichwa. Aliwahi kuzima taa ya choo kikiwa na mtu ndani; mtu akakohoa, naye akawasha, akaomba radhi, akaendelea na safari.

Jengo lenyewe lilikuwa la ghorofa nne na lifti moja kuukuu iliyopanda ikiguna. Juu ya mlango mkubwa palikuwa na ubao mpana wenye jina la jengo, na juu ya ubao huo alilala paka asiye na mwenyewe, masika na kipupwe, kwa utulivu wa mtu aliyelipia chumba.

Adui aliingia pasipo kishindo. Mwenye jengo alikuwa amefunga mita janja katika chumba cha umeme chini ya ngazi. Mita ya zamani ilijua kuhesabu tu. Hii ilijua kusema. Kila robo saa ilipima umeme wa jengo zima, ikampa habari mjumbe wake, kisanduku cha intaneti kilichokaa kwenye rafu ya koridoni. Mjumbe akairusha habari hiyo kwenye wingu, wingu lisilo na mvua wala kivuli, ambalo ni kompyuta za mbali ambazo hakuna hapo aliyepata kuziona. Nalo wingu likaishusha kwenye simu mbili, ya mwenye jengo na ya Bi Swichi, ikiwa na umbo la mstari.

Mchana mstari ulipanda, jioni ukashuka. Lakini haukulala. Hata kila mpangaji akiwa amefunga mlango na kwenda zake, ulibaki umeinuka juu ya sakafu, kama mtu aliyesinzia na jicho moja wazi.

Mwenye jengo, mtu mpole mwenye tai fupi, akamwita Bi Swichi akamhutubia hivi:

"Bi Swichi, humu ndani mna mlaji. Anakula tukiwa macho, anakula tukilala. Nimewaza sana, nimeona ni lifti. Jumatatu naifunga."

"Niliizima jana jioni nikajaribu, Mzee. Mstari ulishuka unywele tu."

"Unywele ukiuvuta mwaka mzima ni kamba."

"Na watu wa juu watapandaje?"

"Kwa miguu. Miguu ilikuwepo kabla ya lifti." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaongeza, "Nitajie mlaji mwingine kabla ya Jumatatu, nami nitakuachia lifti yako."

Sasa jueni kwa nini maneno hayo yalimchoma. Ghorofa ya nne, mwisho wa korido, palikuwa na karakana ya fundi saa, na fundi huyo alikuwa mjomba wake Bi Swichi, kaka wa mama yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Goti la kushoto la Mjomba lilikuwa limekwisha kosana na ngazi; halikutaka hata kuzisikia. Lifti ikifa, Mjomba angerudi nyumbani, na nyumbani ni sebuleni kwa Bi Swichi.

"Patatosha," Mjomba alimwambia siku ile aliposikia. "Saa za ukutani tutazitundika pale penye kabati. Zile kubwa utalala nazo wewe, mpwa wangu, maana mimi zinanikosesha usingizi."

Bi Swichi alicheka, akiwaza saa zote hizo zikigonga kwa mpigo mmoja. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu Mjomba alikuwa anatazama vidole vyake.

"Wateja watanifuata," alisema Mjomba. Na wote wawili walijua kwamba mteja hamfuati fundi mpaka sebuleni kwa watu.

Ndipo Bi Swichi akapanga vita. Nyaya za jengo lile zilikuwa za kale, zimevukana ghorofa kwa ghorofa bila adabu, na hakuna aliyejua swichi ipi ya ubao mkuu wa umeme inalisha nini. Ilibaki njia moja: kila mpangaji azime kila chake, wote pamoja, kwa robo saa nzima. Mstari ukigusa sakafu, mlaji ni mmoja wao. Usipogusa, yupo mlaji asiye na mwenyewe.

Jumamosi asubuhi akatoka kukusanya majeshi. Chini kabisa palikuwa na kinyozi.

"Dada, nina mtu kitini," alisema kinyozi, mashine ikivuma mkononi. "Nimeshapita upande mmoja."

"Upande gani?" aliuliza mteja, chini ya kitambaa.

"Wa kulia."

"Basi nitasubiri na wa kushoto. Ila nje sitoki."

Ghorofa ya kwanza alikuwepo Mama Barafu, malkia wa friji tatu za aiskrimu.

"Mwenzangu, barafu yangu haijui mambo ya mawingu," alisema. "Ikianza kulia hainyamazi."

"Usifungue milango tu. Robo saa haiyeyushi kitu."

"Ikiyeyuka, utainywa wewe."

"Nitainywa."

"Yote."

"Nipe na kijiko."

Ghorofa ya pili, daktari wa meno alitoa kichwa mlangoni. "Nina mtu kafungua mdomo, Bi Swichi. Mdomo haufungwi kwa tangazo. Nikimaliza nitazima." Ghorofa ya tatu ilikuwa tupu, imefungwa kwa kufuli. Na kule juu Mjomba aliteuliwa Mlinzi wa Wakati, kwa kuwa saa zake zilikula ufunguo na betri, hazikumwomba mtu umeme.

Mdomo wa ghorofa ya pili ulipofungwa, tarumbeta ikalia, yaani Bi Swichi aliita kwenye ngazi, "Zimeni." Akaizima lifti kwa mkono wake. Friji zikakata kauli. Feni zikazunguka kwa mazoea, kisha zikasahau. Akapita koridoni hatua kwa hatua kama jemadari anayekagua uwanja, akasimama chini ya ngazi, simu mkononi.

Jengo likanyamaza hivi kwamba watu walisikiana wakimeza mate.

"Bado," ilishuka sauti ya Mjomba kutoka juu. Na baadaye, "Bado." Na mwisho, "Robo imetimia." Watu wakawasha vitu vyao.

Bi Swichi akatazama simu. Mstari ulikuwa palepale ulipokuwa kabla ya vita. Haukupanda wala kushuka, haukuongeza hata nukta. Akangoja. Akaitikisa simu kidogo, kama watu wanavyoitikisa. Kisha macho yake yakapanda polepole mpaka kwenye rafu ya koridoni. Kisanduku cha intaneti kilikuwa kimekufa, vitaa vyake vyote vimezimika. Na pembeni yake, swichi iliyobonyezwa.

Alipopita akikagua uwanja, mkono wa kulia ulikuwa umefanya kazi yake. Jemadari alikuwa amemchinja mjumbe wake mwenyewe. Na mita ile ilikuwa ya bei nafuu: isipopata mjumbe, haihifadhi neno.

Akakaa kwenye ngazi. Angeweza kusema mtandao unasumbua. Nani angekataa? Mtandao umeshabeba lawama nyingi kuliko hiyo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, naye akalishikilia hapo, akalionja, halikumpendeza.

"Ni mimi," alisema, sauti yake ikapanda ngazi zote nne. "Nimezima na intaneti. Habari haikufika. Naomba tuanze upya."

Kinyozi akacheka mpaka akashika ukuta. "Zimeni kila kitu, kasema, na yeye kazima hadi mdomo wa mita."

"Barafu imeanza kulia," alisema Mama Barafu.

"Nina mwingine kwenye foleni, shavu kama embe," alisema daktari.

Ndipo Mjomba akainamia ukingo wa ngazi kule juu, miwani yake ya fundi bado jichoni, akawahutubia. "Wapangaji wenzangu, lifti hii inanihusu mimi kuliko yeyote. Kwa hiyo siwezi kuwaomba robo ya pili, itakuwa naomba chakula na ndoo ya kubebea. Nasema tu kwamba nina saa nyingi hapa, na zote zinaniambia bado ni asubuhi."

Mtu wa kwanza kuzima alikuwa daktari. Mlango wake ulisikika ukifungwa, na sauti yake ikisema, "Mzee, shikilia hilo shavu kidogo." Mama Barafu akafuata, akinung'unika. Kinyozi akachomoa mashine.

Safari hii Bi Swichi aliukamata mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaufunga kifuani kama mateka. Mjumbe akabaki hai, akipepesa vitaa vyake. Ulaji wake ulikuwa punje isiyohesabika. Hewa ikawa nzito ndani kwa kinyozi, na yule mteja, aliyeapa kutotoka nje, akatoka nje, amejifunika kitambaa kichwani kama bibi harusi.

"Bado," alisema Mjomba. "Bado. Robo imetimia."

Simu ikatetemeka. Mstari ukaanguka kama gunia. Ukaanguka, ukaanguka, na ulipokaribia sakafu ukasita, ukaelea. Jicho moja lilikuwa bado wazi.

"Basi mlaji si mmoja wetu," alisema Mama Barafu, naye alishusha pumzi kama mtu aliyefutiwa kesi. "Ni nani?"

Na Jumatatu ilikuwa inakuja.

"Samahani," ilisema sauti kutoka mlangoni. Ni yule mteja, nusu kichwa kikingʼaa, nusu kichakani. "Mimi si mpangaji. Lakini huyo paka wenu, huko juu anaota moto gani? Upepo wa leo unakata masikio, yeye kanyoosha miguu yote minne."

Wakatoka. Wakatazama juu. Na kwa kuwa jengo zima lilikuwa kimya, kimya ambacho hakijapata kuwepo tangu lijengwe, wakasikia kitu kinavuma nyuma ya ubao, kama nyuki mmoja mvivu.

Ngazi ya mbao ikaletwa. Kinyozi akaishika huku, daktari kule. Bi Swichi akapanda, akamwomba paka njia, akapewa kwa shingo upande. Akang'oa misumari ya ubao, ubao ukainama. Nyuma yake palikuwa na ubao mwingine wa kale, wa duka la mapazia lililohama kabla yeye hajaajiriwa. Ubao wa pili ulikuwa umegongomewa juu ya wa kwanza, na hakuna aliyekumbuka kuuzima wa kwanza. Taa zake ndefu zote zilikuwa zinawaka. Miaka yote hiyo, gizani, kwa herufi kubwa nyekundu, zilikuwa zikiuambia mgongo wa ubao mwingine: KARIBUNI, TUMEFUNGUA.

"Masikini," alisema Mama Barafu, na haikujulikana anamwambia nani.

Waya ulishuka pembeni hadi kwenye plagi iliyofichwa na fremu. Hapo Bi Swichi akaupa mkono wa kulia ruhusa yake. Mkono haukuuliza. Ukachomoa.

Herufi zikapepesa, zikafa. Uvumi ukakoma. Bi Swichi akashuka, akawaambia watu wawashe vitu vyao, kazi imekwisha. Hakuna aliyekwenda kuwasha.

"Tungoje tuone," alisema kinyozi.

"Hata mimi," alisema mteja wake. "Nilikuja kunyoa, nimekuwa askari. Nitamaliza zamu."

Wakangoja robo ya tatu, ambayo hakuna aliyewaomba, wakiwa wamesimama kuizunguka simu moja. Mjomba alipoita, mstari ukashuka, ukagusa sakafu, ukalala chali.

Alasiri mwenye jengo akaja, akautazama ule ubao wa kale kwa muda mrefu. Ni yeye aliyeamuru mpya ugongomewe juu yake, ili asimlipe fundi umeme. Bi Swichi hakumuuliza habari hiyo. "Lifti ibaki," alisema mwenye jengo, akirekebisha tai yake fupi.

Lifti ikaguna, ikapanda, ikashuka, mlango ukafunguka, na Mjomba akatoka kwa goti lake la kushoto na la kulia. Akampa mpwa wake mkono. "Sebule yako imenusurika, mwanangu," alisema, kisha akageuka akarudi juu, maana alikuwa ameacha saa ya mtu wazi.

Hivyo ndivyo ulivyoanguka Mstari Usiolala, na hivyo ndivyo Bi Swichi alivyoingia katika habari za wakubwa wa dunia, kwa plagi moja. Aliyepoteza siku hiyo ni paka. Alirandaranda chini ya ubao uliopoa, akaingia ndani, akakagua korido, mwisho akapanda kwenye rafu na kujikunja juu ya kisanduku cha intaneti, penye joto, mkia umefunika swichi. Na mkono wa kulia wa Bi Swichi, uliokuwa haumwogopi mtu, tangu siku hiyo hupita hapo ukiwa umenyooka, haugusi kitu.