Kichwa cha Mwenyekiti Mbele ya Shirikisho

Jumatatu, 3 Machi
Mgeni wa Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Wapima Ubongo anakuja Alhamisi. Siku hiyo tunapiga kura ya mjumbe wetu kwenye baraza lao. Mmoja tu! Mwenyekiti wa chama ni mimi, nani mwingine? Lakini shemeji, mdogo wa mke wangu na makamu wangu, kanunua suti mpya. Ya nini? Nikishindwa na kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe, kwa mama mkwe nitaingia na uso gani? Roho juu juu. Usingizi hakuna.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa yake! Alhamisi shemeji akisoma mada yake mbele ya mgeni, mimi nitakaa mbele nimefungwa waya kichwani, mawimbi ya ubongo wangu yaonekane ukutani. Mgeni ajionee mwenyekiti anavyosikiliza. Nani atamtazama shemeji? Fundi wa mashine akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia aniachie mimi wasiwasi, ninao wa kutosha.

Jumatano, 5 Machi
Sijalala tena. Je, umeme ukikatika? Je, shemeji akishtuka mapema? Mama watoto kahamia chumba cha wanawe, eti najigeuza kama samaki kikaangoni.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu gani hii! Ukumbi umejaa. Nimekaa wima, waya tele, macho kwa shemeji. Mgeni akawa anaandika, anaandika. Nikajua mambo yameiva. Kumbe macho nilishayafumba zamani! Shemeji akasimamisha mada, akageukia ukutani, akawaeleza watu kwa upole wa kuudhi kwamba pale ndipo mwenyekiti alipoanza kusinzia, na hapa sasa amezama kabisa. Makofi ndiyo yaliyoniamsha. Nikainuka kushukuru! Kura zote kapewa shemeji. Hata ya fundi.

Ijumaa, 7 Machi
Mgeni kapiga simu. Anaomba picha ya mawimbi yangu wakaitumie kwenye mkutano mkuu, kufundishia jinsi usingizi unavyoingia. Hajawahi kuona mtu akizama upesi vile. Shemeji ataibeba. Nikakubali hata hajamaliza. Shirikisho limetaka kichwa cha nani? Changu! Nimempigia mama mkwe kumpa habari njema.

Kosa lilikuwa dogo tu, nilichagua kiungo kibaya. Mwakani kuna maonyesho ya kupima mishipa ya fahamu ya mkono kwa umeme. Nimeshajiandikisha kupimwa. Mkono hausinzii.