Bomba Lililovimbiwa

Jumatatu, 2 Juni 2025

Wote wanaisimulia vibaya! Jirani yangu Joakim anaisimulia vibaya, kwaya nzima inaisimulia vibaya, na mke wangu Nyanjige, aliyekuwepo, ndiye anaiharibu kuliko wote. Eti juzi bomba la bafuni liliponguruma mara ya kwanza, nilitoka mbio na mapovu kichwani mpaka kwenye shamba la pamba la watu. Uongo. Nilitembea. Kwa haraka, sawa, lakini nilitembea. Nilikwenda kuangalia kama kuna nzagamba, fahali wa mtu, kaingia uwanjani, maana ile sauti ilikuwa ya dume kabisa, dume lililoona dume jingine. Mapovu yalikuwepo, sikatai. Nani anasuuza kichwa wakati wa hatari?

Kwa hiyo naandika mwenyewe, mimi Mihayo. Kwa Kisukuma mihayo ni maneno, basi maneno yangu ndiyo yaaminiwe. Shule sikwenda. Herufi nilizipata ukubwani, zikanipenda.

Sasa shida yenyewe. Binti yetu Felisita kaja kwetu kujifungua mtoto wa kwanza. Mtoto ana wiki tatu. Tumemwita Milembe, yaani amani. Amani gani! Kila ukifunga koki ya bafuni, bomba linapiga mateke ukutani, gu! gu! gu! Halafu linanguruma. Milembe anashtuka, anaachia ziwa, analia mpaka sauti inakauka. Siku ya tatu leo hanyonyi vizuri.

Nyanjige katoa amri. Jumamosi mkwe wetu Bundala anakuja kutoka Nyashimo. Akizikuta kelele, aondoke na mke na mtoto wake, wakakae kwenye utulivu. Nikamwambia aniachie mimi hiyo kazi. Akasema hapo ndipo anapoogopa.

Mjukuu wangu wa kwanza. Haendi popote!

Jumanne, 3 Juni

Nimepima. Nimeweka kikombe ukutani, sikio kwenye kikombe, nikamwambia Nyanjige afungue koki na kufunga. Ndani kunaunguruma, kunatoa mapovu, halafu teke. Nikacheka peke yangu. Ugonjwa huu naujua toka nachunga ng'ombe kule Nkoma! Ng'ombe akila majani mabichi yenye umande, tumbo linajaa gesi, anavimba, anapiga mateke, analia. Bomba limevimbiwa.

Joakim alikuwa kwenye uzio, kama kawaida yake, shingo ndefu. Akauliza bomba limekula majani gani. Huyu alikuwa karani miaka thelathini, anajua mihuri tu.

Dawa ya kwanza ya kuvimbiwa ni mafuta ya kula. Ng'ombe unamnywesha chupa moja. Bomba ni refu kuliko ng'ombe, nikapanda kwenye tanki na dumu zima la alizeti.

Jioni: chai ina macho ya mafuta. Sahani haziishiki. Milembe kaogeshwa, katoka anang'aa kama kiatu cha harusi. Felisita alicheka, mara ya kwanza wiki hii, na mimi nikashukuru kwa hilo. Nyanjige hakucheka. Aliuliza kama kesho nitaweka na vitunguu.

Kelele ziko palepale. Ila sasa zina ulaini fulani. Mimi nausikia.

Jumatano, 4 Juni

Mafuta yakishindwa, unatoboa. Kila mfugaji anajua: ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu, unaingiza kitu chenye ncha, gesi inatoka fyuuu, ng'ombe anasimama. Nimewaokoa wengi hivyo. Mmoja wa kule Kimali alisimama akanilamba mkono.

Nikasubiri Nyanjige aende sokoni. Kazi ilikuwa kujua bomba kushoto kwake ni wapi. Nikafikiri sana. Bomba linatoka kwenye tanki, kwa hiyo kichwa kiko bafuni, makalio kwenye tanki. Kushoto ni upande wa uzio. Msumari wa inchi sita, nyundo, pigo moja tu!

Gesi haikutoka. Yalitoka maji, yakavuka uzio, yakamkuta Joakim kifuani, shati lake la pasi na kalamu mfukoni. Sikulenga. Naandika hapa mbele ya Mungu, sikulenga.

Nikafunga tanki. Kimya! Nikafungua koki bafuni, nikafunga. Kimya kabisa! Nikapiga vigelegele mwenyewe, mwanaume mzima. Joakim, anachuruzika, akanipa hongera. Akasema ni kweli mgonjwa hapigi tena kelele, maana amekufa.

Nyanjige karudi. Siandiki alichosema. Herufi zenyewe sina.

Alhamisi, 5 Juni

Nyumba haina maji hata tone. Nguo za mtoto zimejaa beseni. Nyanjige na umri wake anabeba ndoo toka kwa Joakim, hasemi neno, na mke wangu akinyamaza ni afadhali bomba lingurume.

Nikamkuta Felisita anapanga nguo kwenye begi. Hakunilaumu. Aliniita baba, akasema Nyashimo wanamtunza vizuri, ila hajui bado kumwogesha mtoto bila mama yake kumshikia kichwa. Akageukia ukutani. Akanipa Milembe nimshike, amalize kukunja.

Kazito, haka katoto. Kalinishika kidole hiki cha nyundo.

Basi nikaenda kwa Joakim. Mwenyewe, kwa miguu yangu! Nikamsalimia kwa Kisukuma, mwadila, kwa heshima zote, kama nimekuja kuposa. Akanikalisha. Akanichelewesha makusudi, akauliza habari za pamba, za mvua, za ukoo. Nikavumilia. Mwisho nikasema: fundi. Akasema hajasikia. Nikasema kwa nguvu: fundi! Akatoa simu. Alikuwa kaongea naye toka jana, shati likiwa bado bichi. Fundi kesho asubuhi anakuja.

Ana roho nzuri, yule mtu. Asijue nimeandika.

Ijumaa, 6 Juni

Fundi ni mwanamke, anaitwa Specioza, ovaroli na begi la vyuma. Kaniita guku, babu, nikampenda hapohapo. Akaziba kitobo changu. Akauliza nani kafanya. Nyanjige akaninyooshea kidole na mwiko.

Baada ya maji kurudi akaniambia nifungue koki, nifunge ghafla. Gu! gu! Akaweka kiganja kwenye bomba, anasikiliza kwa mkono. Kumbe ni hivi. Maji yanakuja mbio, ukifunga ghafla yanagonga kichwa, hayana pa kwenda, yanalirusha bomba. Na bomba limening'inia tu, aliyelifunga zamani alisahau vishikizo. Ile ngurumo ni washa ya koki, mpira umeliwa, unatetemeka.

Akapiga vishikizo ukutani, kila hatua moja. Akabadilisha washa. Halafu, karibu na koki, akaunga kipande kifupi cha bomba kimesimama wima, juu kimezibwa. Nikauliza humo kunapita nini. Akasema hakupiti kitu, humo inakaa hewa. Maji yakigonga, yanagonga hewa, kama mtu kaangukia godoro.

Hewa! Gesi! Nimesema toka Jumanne kwamba ni mambo ya gesi! Nilikosea kidogo tu: mimi nilitaka kuitoa, kumbe ilitakiwa kuingizwa. Specioza akanitazama muda mrefu, akasema nina mkono wa ufundi.

Jumamosi, 7 Juni

Bundala kafika saa nne. Nikamwambia mkwe aende mwenyewe bafuni, afungue, afunge kwa nguvu zake zote. Sisi wote tumesimama mlangoni, hata Joakim, kaja bila kuitwa. Felisita kambeba mtoto ananyonya.

Akafunga.

Hakuna kitu. Maji yalikoma tu. Milembe hakuachia ziwa.

Bundala akasema basi, wakae mpaka mtoto apate nguvu, yeye atakuwa anakuja kila mwisho wa wiki. Nyanjige akageuka akanishika bega. Kidogo. Nilihisi. Kachukua begi la Felisita, katoa nguo moja moja, kazirudisha kabatini.

Wabeja, asante sana, Specioza. Wabeja, Joakim. Wabeja Mungu uliyewaumba mafundi na majirani wenye simu. Nimekaa kwenye kigoda nje ya bafu, nafungua koki, nafunga, nafurahi tu, mpaka Nyanjige kaniondoa.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa nimesimulia habari yote, kwa ukweli wake. Wamecheka vizuri. Mpaka Padre.

Joakim kaniambia friji lake halilali. Linatetemeka. Chini linachuruzika maji, mgongoni lina joto kali. Maskini, haelewi! Kutetemeka, majimaji, homa: hiyo ni ndigana, ng'ombe wangapi nimewaona nayo. Dawa yake ni kuchoma matezi kwa chuma cha moto. Amekwenda Kimali kwenye msiba mpaka Jumanne, funguo kamwachia Nyanjige. Nataka akirudi akute limepona. Ndiyo shukrani yangu kwake. Chuma nimeshakiweka kwenye mkaa, natafuta tu hilo friji matezi yake yako wapi.

Jambo moja nirekebishe, maana leo nimetoka kanisani. Hapo Ijumaa nimetia chumvi. Specioza hakusema nina mkono wa ufundi. Alisema: guku, tafadhali, mikono weka mfukoni.